Gharama nyinginezo: shajara ya mradi wa kuzuia rushwa katika biashara ya vifaa tiba

13 Januari 2025

Nimekabidhiwa mradi leo asubuhi. Kampuni yetu inauza mashine za kusafisha damu, vifaa vya maabara na vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia vipimo. Makao makuu yako Uingereza, hisa zinauzwa pia New York, na sisi wa Dar es Salaam ndio ofisi ya kanda: Tanzania, Kenya na Uganda ziko mikononi mwetu. Ninatakiwa kujenga, ndani ya miezi tisa, mfumo wa kuzuia rushwa utakaoweza kusimama mbele ya mkaguzi wa cheti cha ISO 37001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kuzuia rushwa. Vitendea kazi ni sera ya kurasa 40 iliyotafsiriwa na mtu ambaye nahisi hajawahi kukanyaga ghala la mizigo, meza iliyobanwa na mashine ya fotokopi, na kijana mmoja wa uhasibu kwa siku mbili za wiki.

Sera inasema kampuni haivumilii rushwa ya kiwango chochote. Sawa. Nimeisoma hadi mwisho, sikuona panaposema rushwa yetu sisi huingilia mlango gani.

16 Januari

Siku mbili hizi nasoma kesi za zamani. Faini sikuzihangaikia sana; nilichotafuta ni njia ambayo pesa ilipita.

Iliyonichekesha ni ya Orthofix, kampuni ya vifaa vya mifupa iliyoshtakiwa Marekani mwaka 2012. Tawi lake la Meksiko lilikuwa likiwahonga maafisa wa taasisi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo, na wafanyakazi walikuwa na jina lao la hongo hizo: chokoleti. Vitabuni ziliandikwa kuwa ni chakula na matairi ya gari. Zilipokua hadi hakuna tairi linaloweza kuzibeba, zikahamishiwa kwenye matangazo na mafunzo. Nikajiona niko nyumbani kabisa. Huku ni chai, ni soda, ni kumpoza mtu, ni kuzunguka mbuyu. Inaonekana binadamu popote alipo hapendi kuita hongo kwa jina lake, hasa akiwa anaiandikia risiti.

Nyingine hazichekeshi. GlaxoSmithKline ilitozwa yuan bilioni 3 na mahakama ya Changsha, China, Septemba 2014. Pesa za kuwahonga madaktari zilikuwa zikipitishwa kwenye mawakala wa safari. Fresenius, hawa ni wa mashine za figo kama sisi, walikubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 231 huko Marekani. Angola kulikuwa na hisa zilizopewa afisa wa afya wa jeshi. Nchi kadhaa za Afrika Magharibi kulikuwa na mikataba ya ushauri na madaktari wa hospitali za umma, ushauri ambao haukuwahi kutolewa.

Nimeandika mstari mmoja juu ya ubao: karibu kila mara kuna mtu wa katikati. Wakala wa safari, mshauri, msambazaji. Sisi tuna wasambazaji 14 na mawakala wa forodha watatu.

27 Januari

Ramani ya hatari nimeanzia kwa madereva, si kwa mameneja. Meneja ukimuuliza kama kuna rushwa anakaa vizuri kwenye kiti. Dereva anakuuliza, "Dada, unataka ya barabarani au ya getini?"

Wakati huohuo kijana wa uhasibu amenitolea ankara zote za mawakala wa forodha za mwaka jana. Ushuru una stakabadhi, ghala lina stakabadhi, usafiri una risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Halafu chini kabisa, juu tu ya jumla, kuna mstari: "Gharama nyinginezo". Hauna kiambatisho. Unakuja takriban kila mzigo wa tatu, na kiasi chake ni namba ya duara siku zote, sifuri tupu mwishoni. Ushuru wa kweli hauwi namba ya duara.

Nimemuuliza mhasibu mkuu anaipitishaje. Kasema, kwa upole tu, kwamba ilikuwepo kabla hajaajiriwa.

11 Februari

Leo hakuna kazi iliyofanyika. Jana Rais wa Marekani ametia saini amri ya kusimamisha kwa siku 180 uchunguzi na mashtaka mapya chini ya sheria yao ya mwaka 1977 inayokataza kuwahonga maafisa wa nchi za nje. Kufika saa tatu asubuhi kijana wa mauzo kapita mezani kwangu: "Dada, ajira yako bado ipo?"

Kwenye kikao mkurugenzi wa kanda ameuliza swali hilohilo kwa lugha ya heshima. Nimejibu hivi. Amri haikufuta sheria. Hata ingefutwa, kampuni imesajiliwa Uingereza, na sheria ya huko ya mwaka 2010 inaifanya kampuni iwe na kosa kwa kushindwa tu kuzuia hongo iliyotolewa kwa niaba yake, isipokuwa ithibitishe ilikuwa na taratibu za kutosha. Nairobi tunabanwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2016, ambayo inazitaka hata kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na aliye kwenye nafasi ya madaraka akisikia harufu yake ana saa 24 za kutoa taarifa. Na hapa Dar sheria yetu ya mwaka 2007 inamhesabia kosa mtoaji sawa na mpokeaji. TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, hawasubiri Washington.

Mkurugenzi kaniambia endelea. Mwezi huu pia limetoka toleo jipya la ISO 37001 badala ya lile la 2016, kwa hiyo jedwali langu lote la wiki nne nalirudia.

6 Machi

Nimetumia wiki nzima kwa kitu kimoja na siijutii: mzigo wa Ijumaa.

Vitendanishi vyetu vingi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Vinatoka Ulaya katikati ya wiki na kutua Ijumaa jioni. Barafu ya kwenye maboksi inashika saa 72. Piga hesabu: kibali kikikosa saini Ijumaa, hakuna wa kusaini hadi Jumatatu, na Jumatatu mchana mzigo wa mamilioni ni maji machafu. Saa kumi na moja jioni wakala anapiga simu: "Mzigo wako unalala nje. Yupo mtu anaweza kurudi ofisini, ila lazima atolewe nyumbani." Anayepokea simu hiyo ni msichana wa ugavi mwenye miaka miwili kazini, anajua kuna hospitali itaishiwa vipimo, na anajua vikiharibika atakayeandikiwa barua ni yeye. Analipa. Jumatatu inaingia "gharama nyinginezo".

Sera yetu inamwambia huyu msichana asilipe. Basi, imemaliza. Sheria ya Marekani ina kichochoro kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya serikali. Ya Uingereza haina, na yetu haina. Kwa hiyo kwetu ni rushwa tu, hata iwe elfu hamsini. Lakini kumlaumu aliyelipa kwenye mtego tuliomtegea wenyewe ni uonevu, na nimelisema hivyo kikaoni.

Tulichobadilisha: mzigo wa baridi hautui tena siku ya Ijumaa, kiwanda kimekubali kupakia Jumamosi ili utue Jumatatu au Jumanne. Maombi ya vibali yanaingia siku kumi na nne kabla, na nakala iko kwangu. Wakala ana ruhusa ya kudumu ya kulipia chumba cha baridi kwa bei rasmi yenye stakabadhi, bila kumpigia mtu yeyote simu. Ghala la Dar linabakiza akiba ya wiki tatu. Kisha likaja lililochukua siku mbili za mabishano na sahihi moja: barua ya mkurugenzi inayosema vitendanishi vikiharibika kwa sababu mfanyakazi alikataa kutoa hongo, hasara ni ya kampuni na mfanyakazi hataguswa. Msichana wa ugavi ameomba nakala akaibandika ukutani.

Tumebakiza jambo moja tu la kuruhusiwa kulipa: maisha yako yakiwa hatarini. Dereva akisimamishwa usiku porini na mtu mwenye silaha, atoe, afike salama, anieleze kesho yake. Nataka ajue hilo bila kulazimika kufikiri.

17 Machi

Ramadhani. Mzee wetu wa mauzo, mwenye miaka ishirini kwenye biashara hii, ameleta orodha ya vikapu vya futari: tende, mchele, sukari, mafuta. Majina kumi na tisa. Sita ni wajumbe wa kamati za zabuni.

"Mwanangu," kaniambia, "mkono mtupu haulambwi."

Nikamwambia mzee, shikamoo tena, lakini mkono unaolambwa ndio unaonipa shida. Tumecheka, halafu tukabishana kweli. Hoja yake ina uzito: kumkumbuka mtu mwezi wa Ramadhani si hongo, ni utu, na Mzungu aliyeandika sera hajui tende. Hoja yangu: wasio kwenye kamati za zabuni mbona hawajakumbukwa? Nchi hii tulishapita hapa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, kwamba mgombea anawakirimu wageni tu, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaitupa kwa kuwa inakiuka Katiba. Hakuna aliyeweza kueleza ukarimu unaishia wapi.

Tulichokubaliana: futari inakwenda wodini kwa wagonjwa, kwa barua kwa uongozi wa hospitali, ikiwa hakuna zabuni yetu iliyo wazi pale. Majina ya watu hakuna. Mzee hakufurahi, ila siku ya kupeleka alikwenda mwenyewe na kanzu yake.

28 Aprili

Nimeliona. Nimelala vibaya siku tatu.

Tangu Machi nilikuwa nimeomba jedwali la mapunguzo yote tuliyowapa wasambazaji kwa miaka mitatu. Mauzo walinizungusha: iko kwenye mfumo wa zamani, aliyekuwa anaijua yuko likizo. Lilipokuja nikaelewa.

Nitumie namba za mfano. Mashine ina bei ya orodha ya milioni 40. Msambazaji wa kawaida anapewa punguzo la asilimia 20, anainunua milioni 32, anaiuza hospitali, anaishi kwa tofauti. Sasa kuna zabuni, na mtu wetu wa mauzo anajaza fomu ya punguzo maalumu: asilimia 38, sababu "ushindani mkali". Msambazaji ananunua kwa milioni 24 na laki nane. Kama ushindani ulikuwa mkali kweli, bei iliyofika hospitali ingeshuka. Nimetafuta bei za mikataba iliyotangazwa. Haikushuka hata shilingi. Kwa kila mashine milioni 7 na laki mbili zimebaki hewani katikati, na sisi wenyewe ndio tuliozipandisha huko, kwa fomu iliyosainiwa na mameneja watatu.

Hakuna bahasha. Hakuna petikeshi. Ukikagua matumizi yetu hutaona kitu, kwa sababu haijawahi kuwa matumizi. Ni mapato ambayo hatukuyachukua. Mafunzo yote ya zawadi na chakula cha jioni niliyoandaa yalikuwa yanalinda dirisha huku ukuta wa nyuma haupo.

Mapunguzo ya namna hii yako saba. Matano ni ya msambazaji mmoja.

12 Mei

Msambazaji tumemwandikia kwa kutumia kifungu cha ukaguzi kilichomo kwenye mkataba wake, kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Kwanza bei ya mwisho ilikuwa siri ya biashara. Halafu wakili wetu akapiga simu. Vitabu vikafunguliwa mchana mmoja, kwenye chumba kisicho na feni.

Kila baada ya zabuni kuna malipo kwa kampuni ya "ushauri wa soko". Ripoti ya ushauri haipo hata moja. Tukaomba taarifa za wamiliki wa kampuni hiyo kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Mwenye hisa nyingi ni shemeji wa mjumbe wa kamati ya zabuni. Mwenye vitabu aliponiona nimeandika neno "shemeji" akasema, "Lakini hawaongei, waligombana."

Mkataba umesimamishwa. Mawakili wamepeleka taarifa kunakohusika, nami sitaandika zaidi hapa. Mtu wetu aliyejaza zile fomu yuko likizo ya lazima. Mwaka juzi alikuwa muuzaji bora wa kanda, nilikuwepo ukumbini nikampigia makofi.

26 Mei

Mwaka wa fedha wa serikali zote tatu unaisha 30 Juni. Kila bajeti isiyotumika inarudi hazina, kwa hiyo Mei na Juni hospitali zinanunua kama mtu anayekimbia mvua, na kamisheni ya wauzaji wetu nayo inafungwa 30 Juni. Nani alipanga hivi? Sisi. Nimependekeza nusu ya kamisheni ilipwe mteja akishalipa na nyaraka zikishakaguliwa, na punguzo lolote juu ya asilimia 25 lisipite bila ushahidi wa bei ya mwisho. La pili limepita. La kwanza wanalitafakari.

10 Juni

Wamarekani jana wametoa miongozo mipya ya ile sheria yao ya 1977. Mashtaka yanarudi kwa masharti mengine. Kijana wa mauzo hajapita mezani.

7 Julai

Simu ya siri ya kutoa taarifa za rushwa. Ipo tangu mwaka juzi, mabango yako hadi chooni, na kutoka kanda yetu haikuwa imewahi kupigwa. Taarifa ya makao makuu ililihesabu hilo kama dalili njema.

Mama wa stoo ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, ile simu ukipiga inaongea Kizungu. Inakwambia bonyeza moja. Mimi nikishaamua kumsema mtu sina nguvu ya kubonyeza."

Sasa anapokea mtu, anaongea Kiswahili, na Luganda siku mbili za wiki, yuko nje ya kampuni. Bango limeandikwa upya: neno "uzingatiaji" tumelitoa, tumeuliza tu, "Umeombwa utoe? Umeona ankara usiyoielewa?" Chini tumeweka 113 ya TAKUKURU, maana mtu ana haki ya kuturuka sisi kama hatuamini, na sheria ya mwaka 2015 inamlinda mtoa taarifa. Makao makuu waliuliza kwa nini tunatangaza namba ya serikali. Nimewajibu kwa sentensi moja na hawakurudi.

Wiki ya pili zimeingia simu nne. Mbili ni malalamiko ya likizo. Moja ni ya uongo, chuki tupu. Moja ni ya kweli, na ni ya ofisi ambayo kwenye ramani yangu niliipaka kijani.

11 Agosti

Madaktari. Kiwango cha wenzetu wa vifaa tiba Ulaya tangu Januari 2018 kinakataza kampuni kumlipia daktari mmoja mmoja safari ya kongamano lililoandaliwa na watu wengine. Unatoa ruzuku kwa hospitali au chama, wao ndio wanachagua nani aende. Tumeanza kukifuata huku. Daktari bingwa mmoja kanitumia ujumbe: "Kwa hiyo tusisome?"

Sikuwa na jibu zuri. Bajeti ya masomo hospitalini kwake naijua ilivyo, na makongamano tuliyomlipia alihudhuria kweli, alikaa mstari wa mbele akaandika. Tulikuwa tunafunga mlango wa wale waliokwenda Dubai kupiga picha na tumemfungia na huyu. Ruzuku ya kwanza imekwenda kwenye chama chao mwezi huu. Ni ndogo kuliko jumla ya safari za mwaka jana. Nimeomba iongezwe ifike palepale, la sivyo tutakuwa tumebana matumizi kwa jina la maadili.

1 Septemba

Leo Uingereza limeanza kutumika kosa jipya: kampuni kubwa kushindwa kuzuia udanganyifu unaofanywa kwa manufaa yake. Barua pepe kumi na moja kutoka makao makuu kabla ya saa sita.

Mkaguzi wa ISO alikuwepo wiki iliyopita kwa awamu ya kwanza. Ametupa mapungufu matano. Mawili ni ya karatasi. Moja ni zito: kati ya wasambazaji 14, tisa ndio tumewakagua wamiliki wao, watano bado. Kamisheni nayo imeandikwa, kwa sababu bado "inatafakariwa". Awamu ya pili itakuwa Novemba.

Kwenye mkoa wa yule msambazaji zabuni imekwenda kwa wengine. Mauzo wamehakikisha nimeisikia. Kwa nini tumeshindwa sijui, huenda ni bei tu.

Mzigo wa baridi: tangu Machi umeingia mara kumi na tatu, mara kumi na mbili bila shida. Mara moja kibali kilichelewa siku mbili, ukalala chumba cha baridi, stakabadhi ipo, kifaa cha kurekodi joto hakikuvuka nyuzi 7. Msichana wa ugavi ameniletea karatasi ya vipimo vya joto mwenyewe, bila kuombwa.

Mwezi uliopita pia tuliufuta kabisa mstari wa "gharama nyinginezo" kwenye mfumo wa uhasibu. Ukiandika hivyo, ankara inakataa kuingia. Leo mchana kijana wa uhasibu kaja na ankara ya wakala mmoja wa Kampala, kaiweka mezani bila kusema kitu. Ushuru, ghala, usafiri. Chini, juu ya jumla, namba ya duara: "Mengineyo".

Kesho asubuhi nampigia.